Abayudaya wa Mbale: Lugha ya Maandiko na Utambulisho wa Umma Mdogo

1. Utangulizi

Chini ya Mlima Masaba, ambao katika ramani nyingi huitwa Elgon, kandokando ya mji wa Mbale mashariki mwa Uganda, wanakaa watu wanaokadiriwa kufikia 2,000 wanaojiita Abayudaya. Watu hawa hushika Sabato siku ya Jumamosi, huwatahiri watoto wao wa kiume siku ya 8 baada ya kuzaliwa, hula nyama waliyoichinja wenyewe kwa kufuata sheria, na husoma Torati mwaka mzima kwa utaratibu wa Wayahudi wa kila nchi. Hawadai kwamba wazee wao walitoka Yerusalemu. Hawana masimulizi ya kabila lililopotea, kama waliyo nayo Beta Israel wa Ethiopia au Walemba wa kusini mwa Afrika. Wanasema waziwazi kwamba Uyahudi wao ulianza mwaka wa 1919, na kwamba aliyeuanzisha alikuwa mkuu wa vita kutoka Buganda, Semei Kakungulu.

Ukweli huu umewafanya wataalamu wengi wapate shida ya kuwaeleza. Wengine wamesema kwamba Uyahudi wa Kakungulu ulikuwa kisasi cha mtu aliyenyimwa cheo na Waingereza. Wengine wameuona kuwa ni tawi mojawapo la makanisa yaliyojitenga na wamisheni. Kila rai kati ya hizo ina sehemu ya ukweli, lakini zote mbili zinaacha swali moja bila jibu. Kama ni kisasi, au kama ni kanisa la kujitenga, kwa nini watu hawa waliendelea kuwa Wayahudi baada ya mwanzilishi wao kufa mwaka wa 1928, bila mali, bila mwalimu wa kudumu, na bila kutambuliwa na mtu yeyote?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu lamo katika lugha. Abayudaya walizaliwa kutokana na usomaji wa Maandiko kwa Kiganda, na historia yao ni historia ya watu waliotetea haki ya kusoma na kuyatii waliyoyasoma. Tutaanza na maana ya kusoma katika Buganda ya karne ya 19, kisha tutamfuata Kakungulu mwenyewe, na baada ya hapo tutalitazama jina la Abayudaya, siku yao na tohara yao, kabla ya kufika kwenye mateso yao na kutambuliwa kwao. Tunapotaja Waganda hapa tuna maana ya wenyeji wa Buganda, si raia wote wa Uganda.

2. Dini ilikuwa kusoma

Yafaa tukumbuke kwamba katika baraza ya Kabaka, miaka ya 1870 na 1880, mtu aliyeingia dini ngeni, ya Kiislamu au ya Kikristo, hakusemwa kwanza kuwa ameamini. Alisemwa kuwa anasoma. Kitenzi okusoma kilibeba maana ya kusoma herufi na maana ya kusali pamoja, na wafuasi wa dini waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Vijana wa ikulu walijifunza kwanza kwa vitabu vya Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimetangulia kufika pamoja na wafanyabiashara wa pwani, na Injili za Kiswahili zilikuwapo kabla ya zile za Kiganda. Hata neno la Kiganda ekitabo lashuhudia njia hiyo.

Tafsiri ya Kiganda ilipofika ilienda kwa kasi kubwa. Agano Jipya lilikamilika mwaka wa 1893, na Biblia nzima mwaka wa 1896. Kazi hiyo iliongozwa na George Lawrence Pilkington wa misheni ya Kanglikana, akisaidiwa na Waganda ambao mkuu wao alikuwa Henry Wright Duta. Kwa hiyo Mprotestanti wa Buganda alipata katika lugha yake mwenyewe, kwa wakati mmoja, Injili na Torati, Warumi na Mambo ya Walawi. Wamisheni walimfundisha kwamba kila neno la kitabu hicho ni neno la Mungu, na kwamba kila msomaji anaweza kuliendea bila kupitia kwa kasisi. Hawakuwa na njia ya kumzuia asiyasome kwa makini yale ambayo wao wenyewe walikuwa wameyapita haraka.

Jambo hili latofautisha Buganda na mahali pengi ambapo Agano la Kale lilikawia kutafsiriwa kwa miaka mingi. Msomaji wa Kiganda aliona mapema kwamba sheria za Musa kuhusu Sabato, tohara na nyama zimeandikwa kwa uwazi kuliko mafundisho mengi aliyofundishwa kanisani. Akiuliza kwa nini hazishikwi, jibu alilopewa halikutoka katika ukurasa ule ule.

3. Semei Kakungulu

Kakungulu alikuwa msomaji wa namna hiyo. Alibatizwa katika Uprotestanti, akapigana katika vita vya dini vilivyoikumba Buganda kuanzia mwaka wa 1888, na akapanda kuwa mkuu wa majeshi mwenye sifa kubwa. Mwaka wa 1899 askari wake walikuwa katika kikosi kilichowakamata Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega wa Bunyoro katika nchi ya Lango. Baada ya hapo alielekea mashariki, akaziteka nchi zilizoitwa Bukedi kwa niaba ya Waingereza, na yaonekana alitumaini kutawala huko kama mfalme. Mwaka wa 1902 Waingereza walimwondoa katika ngome yake ya Budaka, naye akahamia Mbale. Mwaka wa 1906 walimweka kuwa mkuu wa Lukiiko ya Busoga, kazi aliyoifanya hadi 1913, kisha akarudi Mbale akiwa hana tena mamlaka aliyoyatazamia.

Hapana shaka kwamba uchungu wa miaka hiyo ulimwandaa kuachana na dini ya watawala. Lakini uchungu hauelezi alikokwenda. Alikwenda kwanza kwa Wamalaki, wafuasi wa Malaki Musajjakawa na Joswa Kate, aliyekuwa Mugema wa Buganda. Mwaka wa 1914 hao walianzisha dini yao ya Katonda Omu Ayinza Byonna, yaani Mungu mmoja aweza yote. Wamalaki walikataa dawa na chanjo kwa sababu waliyasoma Maandiko hivyo, na serikali ikawaona kuwa ni hatari. Hata hivyo, kwa Kakungulu mwenyewe walikuwa bado wanasoma nusu. Kadiri alivyoendelea na vitabu vya Musa, ndivyo alivyozidi kuuliza kwa nini tohara iliyoamriwa Ibrahimu imeachwa.

Masimulizi ya Abayudaya yanaeleza kwamba wenzake walipomwambia kuwa tohara ni jambo la Wayahudi tu, Kakungulu alijibu kuwa ikiwa ndivyo, yeye na wanawe ni Wayahudi tangu siku hiyo. Mwaka wa 1919 alitahiriwa, na wanawe pia, akajitenga na Wamalaki, na huko Gangama karibu na Mbale akaanzisha jamii iliyoitwa Ekibiina ky'Abayudaya Abeesiga Katonda, yaani jumuiya ya Wayahudi wanaomtumaini Mungu. Katika jibu lile hapakuwa na dai la damu wala la nasaba. Palikuwa na hoja ya msomaji: ikiwa amri hii imewekwa kwa watu fulani, nami nimeamua kuitii, basi jina la watu hao ni langu.

Mwaka wa 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha kurasa 90 hivi cha kuwaongoza watu wake katika dini hiyo. Jumuiya yake ilikuwa bado na mabaki ya desturi za kanisa, ukiwamo ubatizo. Wageni Wayahudi waliopita Uganda katika miaka hiyo ya 1920, ambao mmoja wao anakumbukwa kwa jina la Yosefu, ndio waliowafundisha kalenda ya sikukuu, sheria za chakula na baadhi ya sala, na polepole mabaki hayo yakaondolewa. Maana yake ni kwamba walimu walikuta watu ambao walikuwa wameshaamua. Hawakuleta Uyahudi, waliusahihisha.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza iliwapa viongozi wa Uzayuni nafasi ya kuwahamishia Wayahudi wa Ulaya katika uwanda wa Uasin Gishu, ambao leo umo Kenya, na shauri hilo likajulikana kwa jina la mpango wa Uganda. Lilikataliwa mwaka wa 1905. Halikuwa na uhusiano wowote na Kakungulu, ingawa majina na miaka inakaribiana. Vivyo hivyo jumuiya ya Kiyahudi ya Nairobi, iliyoanza mwaka wa 1904, ilikuwa ya walowezi na wafanyabiashara, na haikuwa chimbuko la Abayudaya.

4. Jina na ngeli yake

Neno Abayudaya halikutungwa na Kakungulu. Alilikuta katika Biblia ya Kiganda, ambamo Omuyudaya ni Myahudi na Buyudaya ni nchi ya Yuda. Mwanafunzi wa lugha za Kibantu atatambua mara moja utaratibu wake: kama vile Omuganda, Abaganda na Buganda, ndivyo ilivyo Omuyudaya, Abayudaya na Buyudaya. Kwa tafsiri hiyo Wayahudi waliingizwa katika ngeli ya mataifa, wakawa watu wenye nchi kama Waganda, Wasoga na Wagisu.

Lakini ngeli hiyo haihusu mataifa peke yake. Kiambishi aba- huwataja pia wafuasi wa dini: Abasiraamu ni Waislamu, Abakristaayo ni Wakristo, na wale abasomi tuliowataja ni wa ngeli hiyo hiyo. Hali ya Kiswahili si tofauti, kwani Waarabu na Waislamu, Waingereza na Wakristo, wote huchukua wa-. Sarufi haimlazimishi msemaji aseme kama anataja kabila au imani. Mtu akisema kwa Kiganda kwamba yeye ni Omuyudaya, tamko lake linabeba maana zote mbili, na hakuna sehemu ya neno inayomkosoa.

Jambo hili si dogo. Katika lugha nyingi za Ulaya ubishi kuhusu Wayahudi, kama ni taifa au ni dini, umechukua karne nyingi na vitabu vingi. Sheria ya marabi yenyewe haitenganishi mambo hayo mawili: aingiaye katika agano huingia katika umma, na kisa cha Ruthu Mmoabi ndicho mfano unaotajwa sikuzote. Kwa hiyo wasomaji wa Mbale, kwa msaada wa ngeli yao, waliifikia maana iliyo karibu sana na ile ya zamani. Anayewaambia kuwa hawawezi kuwa Wayahudi kwa sababu ni Waafrika anatumia kipimo ambacho hakimo katika Kiganda wala katika Torati.

5. Siku ya saba na siku ya nane

Lugha iliyowafungulia mlango iliwawekea pia vikwazo. Katika Kiganda Jumamosi huitwa Olwomukaaga, yaani siku ya sita, kwa kuwa hesabu huanza Jumatatu. Neno Ssabbiiti, ambalo asili yake ni Sabato, limekuwa jina la Jumapili na hata la juma zima. Hesabu hiyo yaafikiana na desturi ya kanisa: siku ya kupumzika huja mwisho, nayo ni Jumapili. Myahudi wa Mbale anayetaka kuitunza siku ya saba hana budi kuitunza katika siku ambayo majirani zake wote, kila wanapoitaja, huita ya sita. Msemaji wa Kiswahili naye hana la kujivunia, maana kwake Jumamosi ni siku ya kwanza, ikihesabiwa baada ya Ijumaa ya Waislamu. Katika lugha zetu hizi mbili majina ya siku yanahifadhi hesabu za dini nyingine, na umma mdogo hulazimika kuishi ndani ya majina yasiyo yake. Hushika siku kwa tendo, huku ulimi ukisema vingine.

Habari ya tohara ina uzito zaidi. Kwa Waganda wa zamani kuukata mwili lilikuwa jambo la kuchukiza, na Kabaka hakuruhusiwa kabisa kutahiriwa. Mateso ya Waislamu wa ikulu chini ya Mutesa I mwaka wa 1876 yalihusu mambo haya haya ya tohara na nyama. Kwa hiyo Mganda mkuu kama Kakungulu, aliyekwisha pita umri wa ujana, alipotahiriwa, alivunja mwiko wa kwao pamoja na desturi ya kanisa lake.

Kwa Wagisu, ambao ndio wenyeji wa nchi ya Mbale, mambo yalikuwa kinyume. Wao wana imbalu, tohara ya vijana inayofanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kijana husimama hadharani mbele ya jamaa na majirani, bila kutikisika, na kwa kusimama huko huwa mtu mzima. Kwao hapakuwa na haja ya kuhubiriwa tohara. Swali lilikuwa wakati wake na maana yake. Tohara ya siku ya 8 haimwombi mtoto ushujaa. Ni baba anayetimiza agano kwa niaba ya mwana asiyejua lolote. Mgisu aliyeingia Uyahudi alikubali kwamba mwanawe hatafanywa mtu mzima kwa kisu mbele ya kijiji. Tunaposema kwamba Abayudaya walichagua dini, tusisahau kwamba gharama yake haikuwa moja kwa wote: Mganda aliongeza alama ambayo wazee wake waliikataa, na Mgisu alihamisha alama ambayo wazee wake waliitukuza.

6. Miaka ya upweke na ya marufuku

Baada ya Kakungulu kufa mwaka wa 1928, wafuasi wake walipungua na kugawanyika, na baadhi walirudi kanisani. Waliobaki waliongozwa na wazee kama Samson Mugombe, wengi wao wakulima wa vijijini, wakiendelea kwa Biblia ya Kiganda na yale machache waliyofundishwa. Baada ya Uganda kupata uhuru mwaka wa 1962 walipata kuonana na Waisraeli waliokuwa nchini, akiwamo mwanazuoni Arye Oded, ambaye baadaye aliandika habari zao.

Dirisha hilo lilifungwa upesi. Idi Amin alitwaa madaraka mwaka wa 1971, akawafukuza Waisraeli mwaka wa 1972, na ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa. Wengi wakaingia Ukristo au Uislamu kwa hofu, na wachache wakasali majumbani kwa siri. Inakadiriwa kwamba jamii iliyowahi kufikia watu 3,000 ilibaki na 300 hivi. Majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na siku hiyo jioni ndipo ilipoanza Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka huo. Abayudaya hawajaisahau sadfa hiyo, nao husimulia kutoka kwao pamoja na kutoka Misri.

Miaka ya marufuku yatupa ushahidi ulio thabiti kuliko wote dhidi ya ile rai ya kisasi. Waliosali kwa siri mwaka wa 1975 hawakuwa na cheo cha kudai wala Mwingereza wa kumchukia. Walikuwa na kitabu, na walikuwa na desturi ya miaka zaidi ya 50 ya kukitii.

7. Kiebrania na kutambuliwa

Katika miaka ya 1980 vijana wa kilima cha Nabugoye walianza kuufufua umma huo. Walitafuta vitabu, wakajifunza Kiebrania, wakatia sala za Kiebrania katika sauti za nyimbo za kwao, huku Zaburi zikiendelea kuimbwa kwa Kiganda. Muziki huo ulirekodiwa na kutolewa nchini Marekani mwaka wa 2003. Mwaka wa 2002 mahakama ya marabi wa mkondo wa Masorti ilifika Uganda, na mamia ya Abayudaya wakapitia uongofu rasmi. Mwaka wa 2008 Gershom Sizomu alipata urabi katika chuo kimoja cha Los Angeles, na mwaka wa 2016 alichaguliwa kuwa mbunge. Wengine, hasa wa kijiji cha Putti, walipendelea njia ya Waorthodoksi, na hapo umoja wa zamani ukapasuka.

Uongofu huo ulizua swali chungu. Mtu ambaye babu yake alitahiriwa mwaka wa 1919, na ambaye baba yake alisali mafichoni enzi za Amin, anawezaje kuambiwa aongoke? Wapo waliokubali kwa moyo mmoja, wakisema kwamba hawaongoki bali wanathibitisha. Kutambuliwa nako hakukuwa kamili: Shirika la Kiyahudi la Israeli liliwatambua mwaka wa 2016, lakini mwaka wa 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilimkatalia mmoja wao haki ya kuhamia huko.

Upande wetu wa lugha, badiliko kubwa ni hili: mizani ya elimu imehama. Zamani mzee mwenye heshima alikuwa yule ayajuaye Maandiko kwa Kiganda. Sasa heshima yaelekea kwa kijana asomaye Kiebrania. Ikumbukwe pia kwamba Kiganda chenyewe kilikuwa lugha ya kuja katika nchi ya Mbale; Wagisu husema Lugisu, na Wagwere Lugwere. Kiganda kilifika pamoja na utawala wa Kakungulu na kanisa, kikawa lugha takatifu kwa watu ambao si lugha yao ya mama. Kwa maana hiyo wamewahi kuwa na lugha ya ibada iliyo mbali na ya nyumbani, kama Wayahudi wengine wengi walivyokuwa nayo. Na bado hawajakiacha. Wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa huko walipounda ushirika wa kahawa mwaka wa 2004, waliupa jina la Mirembe Kawomera, amani iliyo tamu, kwa Kiganda.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Uyahudi wa Mbale haukutoka katika damu ya kale wala katika hasira ya mtu mmoja. Ulitoka katika kitabu kilichotafsiriwa kikamilifu mapema, katika utamaduni ulioita dini kusoma, na katika lugha ambayo ngeli yake ilimruhusu msomaji kuingia katika umma kwa tamko na tendo. Marabi waliokuja baadaye waliwapa Abayudaya kitu wanachokihitaji, yaani nafasi miongoni mwa Wayahudi wa dunia. Ila nafasi hiyo ikinunuliwa kwa kuisahau miaka ya Kiganda, historia yao itaanza kuhesabiwa mwaka wa 2002, na vizazi vitatu vya wasomaji vitaonekana kama watu waliokuwa wakingoja wenye dini wafike.

Kazi hii ya kuzuia usahaulifu si ya marabi. Ni ya idara kama zetu. Kitabu cha mwaka wa 1922 chahitaji kuchunguzwa na wajuzi wa Kiganda pamoja na wajuzi wa Biblia, neno kwa neno, ili ijulikane Kakungulu alifuata tafsiri ya Pilkington na Duta wapi na aliiacha wapi. Zaburi za Kiganda zinazoimbwa Nabugoye na Putti zahitaji kuandikwa pamoja na matamshi ya waimbaji ambao lugha yao ya mama ni Lugisu au Lugwere. Na wazee waliosali kwa siri kabla ya mwaka wa 1979 wahitaji kuulizwa, wangali hai, ni maneno gani waliyatumia walipokuwa hawana kitabu mkononi.